Kuhusu bomu la Makaburu

Morogoro

Kaka Hamisi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Unasema Gaddafi angekuwa na bomu la nyuklia asingekufa vile, kwamba mwenye silaha za maangamizi haguswi. Kwa Gaddafi sikubishii sana: 2003 alikubali kuuacha mradi wake, 2011 ndege za NATO zikamshukia. Lakini mbona Afrika Kusini umeiruka?

Makaburu, wale watawala weupe wa ubaguzi wa rangi kule, walikuwa na mabomu ya nyuklia sita, la saba halijakamilika. Sasa jiulize, wangempiga nani? Soweto, mji wa Waafrika waliowapinga, iko mlangoni pa Johannesburg. Upepo ukigeuka, na wao wamekwisha. Wakuba waliopigana nao kule Angola walikuwa na Mrusi nyuma yao, mwenye maelfu ya mabomu. Kwa hiyo mpango wao ulikuwa wa ajabu. Kwanza, wakiulizwa, wasikubali wala wasikatae. Mambo yakiwazidia, wawanong'oneze Wamarekani kwamba wanalo. Wasiposikilizwa, walipue moja la majaribio, dunia nzima ione. Yaani bomu la kumtisha rafiki ili aje akuokoe! Na siri yenyewe iliwahi kuvuja: mwaka 1977 setilaiti ya Kirusi iliona maandalizi ya jaribio huko jangwa la Kalahari, Moscow ikaiambia Washington, Makaburu wakabanwa hadi wakaacha.

Kilichowaumiza kilikuja kwa mlango mwingine kabisa. Migomo ya wafanyakazi. Vikwazo. Mwaka 1985 benki za kigeni zikagoma kuwaongezea muda wa kulipa madeni, randi, fedha yao, ikaporomoka. Na hapa kwetu Mazimbu, vijana wa ANC, chama kilichopigania uhuru wa Afrika Kusini, walikuwa wanasoma, wanalima na kufuga, kama vile hakuna bomu duniani. Bomu lingemzuia nani katika hao?

Rais wao De Klerk alitangaza Machi 1993 kwamba yalikuwepo na yamekwisha kufumuliwa. Wapo wanaosema hakutaka ANC iyarithi, nami siwezi kuwapinga.

Ukinijibu, usinirudishie Gaddafi. Nijibu la India na Pakistan: wote wawili walilipua mabomu ya majaribio Mei 1998, na mwaka uliofuata askari wao wakauana milimani Kargil, huko Kashmir wanakogombania. Huko kutoguswa kulikuwa wapi?

Shemeji na watoto wasalimie sana.

Ndugu yako,
Saidi