Wafunzeni wakutubi wanaokaa dawatini

Mhariri,

Maktaba ikipewa kompyuta, picha hupigwa na hotuba hutolewa. Nani atazitumia kumhudumia msomaji? Hilo haliulizwi. Mimi ni mkutubi hapa Arua, Uganda, na nataka kusema hadharani jambo ambalo wenzangu hunong'onezana.

Mafunzo ya kusimamia taarifa za kielektroniki yapo. Ni warsha za siku mbili tatu hotelini, aghalabu Kampala au Entebbe, na barua ya mwaliko humfikia mkuu. Mkuu huenda mwenyewe, maana marupurupu hayakataliki. Hurudi na cheti na begi lenye nembo, akaingia ofisini. Anayeketi dawatini, ambaye ndiye huulizwa maswali na wanafunzi kutwa nzima, haambiwi hata kilichofundishwa.

Chukua mfano wa Hinari. Shirika la Afya Duniani liliianzisha mwaka 2002 ili taasisi za nchi zenye kipato cha chini zisome majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, na Uganda imo miongoni mwa zinazosoma bure. Taasisi hujisajili, kisha mtu hutunza nywila. Katika chuo kimoja cha afya ninachokifahamu, mtunza nywila alihamishwa, akaenda nayo. Hakuna aliyebaki aliyejua kwamba kuna wa kumwandikia ili ipatikane nyingine. Wanafunzi wakawa wananunua bando kwa pesa zao, bando ambalo tangu 2021 lina ushuru wa asilimia 12, wakitafuta makala ambazo zikifunguka zinadai dola. Huduma ya bure ilikuwepo muda wote huo.

Kibaya zaidi ni tasnifu. Vyuo vyetu vinaziweka mtandaoni, jambo zuri sana, lakini nyingi zimepigwa skani zikabaki picha tupu. Mkulima au mtafiti akiandika "mihogo" kwenye kisanduku cha kutafutia, hapati kitu, ingawa mihogo imetajwa karibu kila ukurasa. Faili lilitakiwa kupitishwa kwenye programu ya kusoma herufi kabla ya kupakiwa. Kazi hiyo hujifunzwa kwa asubuhi moja.

Halafu kuna majina. Kwetu wengi hatuna jina la ukoo linalorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Mtu leo ataandika jina la nyumbani mbele, kesho la ubatizo au la Kiislamu. Zama za kabati la kadi zilizoorodhesha vitabu, mkutubi mzoefu alijua kuwa hao wawili ni mtu mmoja. Kompyuta haijui mpaka iambiwe, na wa kuiambia ni yule aliyefundishwa kujaza rekodi kwa kanuni moja. Asipokuwepo, mwandishi mmoja anagawanyika mara tatu, na kazi zake nusu hazionekani.

Wapo watakaosema vijana wa siku hizi wanaijua kompyuta. Wanaijua WhatsApp. Wengine watasema shule ya ukutubi ipo Makerere tangu 1963. Ni kweli, na inafundisha vizuri, lakini aliyehitimu enzi za kadi hakuikuta Koha, programu ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu kwa kompyuta. Programu hiyo haina malipo ya leseni, ila inataka mtu wa kuihudumia na kutunza nakala rudufu. Seva ikiungua bila nakala, orodha ya vitabu vyote imekwenda.

Ombi langu kwa Maktaba ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, na kwa wilaya zenye maktaba za umma: mleteni mkufunzi kituoni. Akae wiki nzima, afundishe kwa mashine zetu wenyewe, mbovu hizo hizo, na kwa mafaili yetu. Afunze watu wawili kila maktaba, si mmoja, kwa kuwa uhamisho hauna taarifa. Shule za sekondari zisiachwe nje, maana mtaala mpya ulioanza 2020 unawataka watoto wafanye miradi na kutafuta taarifa wenyewe, na mara nyingi anayeshika ufunguo wa maktaba ni mwalimu tu aliyeongezewa jukumu.

Na kuna moja lisilohitaji bajeti. Afisa utumishi asimwachie mkutubi kwenda kituo kipya kabla hajakabidhi nywila zote kwa maandishi, kama anavyokabidhi funguo.

Mkutubi,
Arua