Kwa Zuhura, kuhusu Bi Duszejko

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimefurahi kusikia kikundi chenu kimeichagua Drive Your Plow Over the Bones of the Dead ya Olga Tokarczuk. Kwa kuwa umeshaimaliza na wewe ndiye utakayeongoza, naandika bila kuficha. Barua hii usiiache mezani.

Sura ziko 17. Kikao cha kwanza kiishie sura ya 9, cha pili sura ya 15, na mbili za mwisho mzijadili peke yake, maana siri inapasuka huko. Mkikigawa kitabu nusu kwa nusu, mwenye mbio atamwaga mtama na mjadala wote utageuka kuwa "mimi nilijua tangu mwanzo". Filamu ya Agnieszka Holland ya 2017, Pokot, nayo isubiri.

Manung'uniko yataanzia kwa mhusika mkuu. Bi Janina Duszejko, mhandisi wa zamani wa madaraja, anafundisha watoto Kiingereza na kuangalia nyumba za watu wakati wa baridi, huko Poland karibu na mpaka wa Czech. Anapiga falaki, anasaidiana na Dizzy, mwanafunzi wake wa zamani, kumtafsiri mshairi Mwingereza William Blake, na yeye humbandika kila mtu jina alilolitunga mwenyewe. Wawindaji wanakufa mmoja baada ya mwingine, naye anawaandikia polisi kwamba wanyama wanalipiza kisasi. Wengi wakifika kwenye nyota na sayari wanaruka kurasa. Wakataze. Mwandishi anaficha ushahidi katikati ya porojo hizo hizo. Na anayesikiliza kitabu cha sauti aonyeshwe ukurasa wenyewe, la sivyo hatajua kwamba Wanyama, Usiku, Hasira, hata Maradhi ya bibi, vyote vinaanza kwa herufi kubwa.

Kisha itakuja lawama yenyewe: tumedanganywa, msimulizi ndiye muuaji na hakusema! Usibishane nao, warudishe kwenye maandishi. Ile picha anaiokota usiku ule ule wa kwanza, nyumbani kwa Mguu Mkubwa, jirani yake mwindaji haramu aliyekutwa amekufa, na hafichi kwamba ameona kitu. Anachonyamazia ni kilichomo pichani: wawindaji na mbwa wake wawili waliouawa. Boros, mtaalamu wa wadudu, anaeleza jinsi harufu inavyowaita mbawakawa wekundu. Baadaye maiti ya yule anayeitwa Rais inakutwa imejaa mbawakawa, na sisi tunashangaa! Wahesabishe pia: vifo vitano, mauaji manne, kwani Mguu Mkubwa alikabwa na mfupa wa mnyama aliyemuua mwenyewe. Asiyeliona hilo anaanza uchunguzi na maiti isiyo na muuaji, na ndivyo Tokarczuk alivyotaka.

Mimi namtetea. Mwanamke mzee anayekwenda kituoni kulalamikia wawindaji haramu, nani anamsikiliza? Polisi wanamwona ana wazimu, nasi tunamcheka pamoja nao, ndiyo maana anatupita machoni mchana kweupe.

Ninapomlaumu mwandishi ni kwingine. Wawindaji wake wote ni wabaya kwa kipimo kimoja, na padri mwenye mahubiri ya Mtakatifu Hubert, mlinzi wa wawindaji, amechorwa kama kikaragosi. Hakuna hata mmoja wa kumlilia, kwa hiyo swali la haki linapoteza uzito, na wale mbwa wawili waliouawa wanashinda kesi kabla haijasikilizwa.

Ndiyo maana usiwaulize "je, alikuwa na haki?" Utaletewa mawaidha, na kikao kitalala. Waulize hivi: ungekuwa Dizzy, ungemsitiri? Dizzy na wenzake wanajua kila kitu na bado hawamsaliti. Hapo watu watagawanyika, na watalazimika kufungua kitabu kutafuta ni lini hasa kila mmoja wao alianza kushuku. Wape penseli, na sura ya kwanza irudiwe kwa sauti kikao cha mwisho kabla ya jambo jingine lolote.

Niandikie waliegemea wapi. Nisalimie Mama.

Wako,
Mwanaidi