Mount Gelai Inanyeshewa: Wito wa Harambee

Ndugu, jamaa na marafiki wa reli popote mlipo,

Tunawaandikia tukiwa na haya. Hii ni mara ya pili ndani ya mwaka na nusu kuwajia tukiwa tumenyoosha mikono, na mara ya kwanza hamkutuangusha. Mlitoa, tukanunua turubai, kamba, grisi na rangi ya kuzuia kutu kwa ajili ya Mount Gelai, injini yetu kongwe ya mvuke iliyo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Turubai lile halipo tena. Upepo wa mwezi wa nne ulilipasua katikati, likabaki likipigapiga ubavuni mwa injini kama shati lililosahauliwa kwenye kamba, na wiki iliyofuata tukalishusha vipande vipande. Hatukuwaambia mapema kwa sababu tuliona aibu. Leo tunasema, maana tuliyoyaona baada ya hapo yametuondolea usingizi.

Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa ya usiku, tulikwenda kuiangalia kama ilivyo desturi yetu. Tulikuwa na mzee wetu mmoja aliyeanza kazi ya reli mwaka 1973 akifuta injini kwa matambara, akapanda kuwa fayamani, yaani mtia moto, akastaafu akiwa dereva. Aliomba mlango wa chumba cha moshi ufunguliwe, kile kilicho mbele ya boila chini ya dohani. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa ulikuwa mweusi tii, unachuruzika maji. Masizi ya miaka yote hiyo yalikuwa yamegeuka uji.

Akatueleza taratibu, kama mwalimu. Injini hizi hazikuchoma makaa ya mawe, zilichoma mafuta mazito, na masizi ya mafuta hayo yana salfa. Yakiwa makavu hayana neno. Yakilowa yanakuwa tindikali, na tindikali hailali: inakula chuma mchana na usiku, wiki nzima, hata siku ambazo sisi tuko makanisani na misikitini. Kisha akachukua spana, akagonga bamba la juu. Likalia kama kengele. Akagonga la chini. Likatoa sauti kavu, kama debe lenye mchanga. Hakuongeza neno. Alishuka, akafuta mkono, akakaa kwenye reli akiitazama injini, na hakuna kati yetu aliyejua la kumwambia.

Kwa vijana wetu, na kwa wale waliozaliwa ng'ambo ambao wamesikia jina tu, acheni tueleze tunamzungumzia nani.

Injini nambari 5918, Mount Gelai, ni ya daraja la 59 la Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Zilitengenezwa 34, na kampuni ya Beyer Peacock huko Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki: Mount Kenya, Mount Elgon, Mount Meru, Mount Kilimanjaro. Gelai yenyewe iko Tanzania, kando ya Ziwa Natron. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, na kila moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250, urefu wa mita 31 na ushei. Boila lilibebwa katikati, na mbele na nyuma yake kulikuwa na seti mbili za magurudumu zenye silinda zake, ili mwili mrefu namna ile uweze kujipinda kwenye kona. Hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda iliyowahi kukanyaga reli ya upana wa mita moja, mahali popote duniani. Zilikuwa za kwetu.

Kazi yao ilikuwa kuvuta treni za tani 1,200 kutoka bandarini Mombasa kuja Nairobi, zaidi ya kilomita 500, njia ikipanda kwa sehemu kubwa. Safari ilikuwa ndefu kiasi kwamba timu mbili zilisafiri pamoja: dereva na fayamani mmoja kazini, wenzao wamelala kwenye behewa lao nyuma ya injini wakingoja zamu. Mariakani, Voi, Tsavo, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud, Konza. Wake zetu na mama zetu walihesabu saa kwa majina hayo. Madereva wengi walikuwa Masingasinga, na wazee wanasimulia jinsi walivyozing'arisha shaba za injini zao kama mtu anavyong'arisha vyombo vya sikukuu.

Hapo Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli. Mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakaribishwa chakula bila kuulizwa senti. Wengi wetu tumekula pale. Tunalitaja kwa sababu ukarimu wa reli hatukuusoma vitabuni, tuliulia mkononi.

Injini za mwisho za daraja hilo ziliondolewa kazini mwaka 1980. Kati ya zile 34 zimebaki mbili tu, zote Nairobi, katika Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971: Mount Shengena na Mount Gelai. Nyingine 32 zimekwisha. Na Gelai ndiyo iliyowahi kufufuliwa baada ya kustaafu, ikawashwa moto, ikatembea tena. Waliokuwepo wanakumbuka watu wazima wakilia hadharani iliposikika filimbi. Kwa hiyo hatuombi jambo lisilowezekana. Limeshawezekana mara moja, hapa hapa, kwa mikono ya mafundi wa hapa.

Sasa tuseme ukweli wa kiufundi, kwa sababu wapo wanaotuuliza kwa nini tusipake rangi tu yaishe. Rangi inafunika kutu, haiiponyi. Na spea hakuna pa kununua. Kiwanda kilichoitengeneza kilifungwa mwaka 1966. Kila bomba, kila nati yenye mzingo wa kizamani, kila bushi itabidi ipimwe, ichorwe na kuchongwa upya. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, hapa Nairobi, wana mikono ya dhahabu na tutawapa kazi za bati na mabano, lakini boila si sufuria. Hilo lina mvuke wenye shinikizo ambalo likipasuka linaua, na sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inataka likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa kabla ya kutiwa moto. Hatutaruka hatua hiyo hata tukisukumwa.

Ndiyo maana harambee hii ina mambo mawili tu, na tunaomba mtu asitudai la tatu kwa sasa.

La kwanza ni paa. Nguzo za chuma na mabati, mita 34 kwa 6, lenye mifereji ya kupeleka maji mbali na reli. Si jengo la fahari. Ni banda, kama lile ambalo yeyote kati yetu angemjengea ng'ombe wa maziwa kabla hajamnunua. Pamoja na paa tutasafisha chumba cha moshi, tutoe uji ule wote, tukaushe, tupake mafuta, na kuziba dohani kwa kifuniko cha bati kinachotoshea.

La pili ni kupima boila. Fundi mwenye mashine ya mawimbi ya sauti atapima unene wa bamba sehemu kwa sehemu, bila kulikata. Mabomba ya moshi yatatolewa machache ili ndani paonekane. Likionekana lina uzima, litajazwa maji baridi hadi juu na kusukumwa kupita shinikizo la kazi, kwa sababu maji baridi hayalipuki kama mvuke, na mahali pabovu patajionyesha kwa kuvuja tu. Baada ya hapo tutajua kama Gelai anaweza kutembea tena. Majibu yakiwa mabaya, tutawasomea vile vile, neno kwa neno. Na hata yakiwa mabaya, paa litabaki.

Ndoto yetu mnaijua. Tunataka siku za mapumziko Gelai avute mabehewa matano ya familia kutoka Nairobi hadi Athi River na kurudi. Hatusemi Nanyuki wala Kisumu. Kila ekseli yake inabeba kama tani 21 na haiwezi kupelekwa kwenye reli yoyote tu. Njia ya Mombasa ndiyo iliyotandikiwa reli nzito kwa ajili yake. Treni ya kisasa tunayo tangu mwaka 2017 na tunaipanda kwa furaha, inatufikisha. Lakini mtoto wa Nairobi ana haki ya kuona, walau mara moja, moto na maji vikivuta treni iliyouzaa mji wake. Kabla ya reli kufika mwaka 1899 hapa palikuwa na tope na maji baridi ya kunyweshea mifugo.

Na kuna jambo linalotubana kuliko kutu. Wanaojua kuiwasha wanatuaga. Tukihesabu waliowahi kuendesha au kutia moto injini za daraja hili ambao bado tunaweza kuwapigia simu wakapokea, vidole vya mikono miwili vinatosha na kubaki. Maarifa yao hayako kwenye karatasi. Mzee wetu yule alituonyesha kopo alilokuwa akisafiri nalo, kopo la kawaida la maziwa ya unga, la kuchotea mchanga. Treni ikiwa inapanda kwa nguvu, alirusha mchanga kidogo ndani ya tanuri, ukavutwa na upepo kupita kwenye mabomba na kuyakwangua masizi, na moshi mweusi ukatoka juu kama wingu. "Ukizidisha unaharibu, ukipunguza injini inachoka," alisema. Kiasi gani? Akatuonyesha kwa mkono. Mkono ule ndio kitabu chenyewe, na mwenye mkono ana miaka sabini na kitu.

Tunahitaji shilingi 1,450,000. Mkononi tuna 286,700, nyingi zikiwa za wajane wa reli na za vijana wawili wanaoendesha bodaboda ambao baba yao alikuwa gadi wa treni. Majina yao yamo kwenye daftari, na tutayasoma siku yenyewe kwa heshima.

Sasa tuzungumze kama ndugu. Wapo kati yetu waliozaliwa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, za Muthurwa na Makongeni, wakasomeshwa kwa mshahara wa reli kuanzia darasa la kwanza mpaka chuo kikuu, na leo Mungu amewajalia. Wapo waliopiga picha za harusi wamesimama mbele ya Gelai, bibi arusi ameshika kile chuma kwa glavu nyeupe. Picha ziko sebuleni. Hatumtaji mtu. Tunauliza tu: aliyekubeba mgongoni akinyeshewa, utapita na mwavuli wako? Ndugu zetu wa Tanzania na Uganda, hata ninyi hii ni mali yenu ya urithi. Ilinunuliwa tukiwa nyumba moja, na jina lililoandikwa ubavuni ni la mlima wa Tanzania. Walioko London, Toronto na Muscat, kiasi mnachotumia kwa chakula cha jioni kimoja hapa kinasimamisha nguzo.

Kuhusu fedha: kila mchango una risiti. Mweka hazina, katibu na mwenyekiti hutia sahihi wote watatu, hakuna anayetoa pesa peke yake. Kazi itapewa fundi baada ya bei tatu kulinganishwa. Hakuna posho ya mtu yeyote. Injini si yetu, ni ya umma, kwa hiyo shilingi haitatumika kwenye injini wala uwanjani kabla hatujapata ruhusa ya maandishi ya wenye dhamana; ikikataliwa, kila mmoja atarudishiwa chake. Hesabu zitasomwa mbele ya wote miezi mitatu baada ya harambee, na turubai lililopasuka litakuwemo kwenye hesabu hizo.

Kama huna pesa, usikae nyumbani. Huenda marehemu baba aliacha sanduku la spana, kitabu cha kanuni, taa ya gadi, filimbi, picha au mchoro uliokunjwa chini ya godoro. Msiviuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Vileteni tuvipige picha na kuviandika; mkitaka mrudi navyo, ni vyenu. Na kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi shedi, mlete hata kama ni kwa kiti cha magurudumu. Usafiri wa wazee tutaulipia sisi wenyewe wanakamati.

Tutakutana Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kanisa uliotajwa kwenye kadi. Maombi yataongozwa na mchungaji, kisha sheikh, kisha mzee wetu wa gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga. Kina mama wa reli wameshajipanga kwa chai na mahamri. Wenye kadi za harambee tafadhali wazirudishe kwa mweka hazina kufikia Jumatano ya wiki hiyo, zikiwa na kitu au zikiwa tupu, ili asipoteze usiku kuzitafuta. Watakaotuma kwa simu watumie nambari iliyo nyuma ya kadi na waandike jina kamili, maana mara iliyopita kuna mtu alituma shilingi 5,000 bila jina na mpaka leo hatujamshukuru.

Njooni na watoto. Mzee amekubali kuja na lile kopo, na amesema atamwonyesha kila mtoto atakayeuliza mchanga ni kiasi gani.

Wenu katika huduma,
Kamati ya wastaafu wa reli na watoto wao, Nairobi