Kapteni mpya apimwe kwa viwango vyake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa yenu kuhusu usalama wa ndege za abiria Marekani, hasa makapteni waliopandishwa cheo karibuni. Sheria ya huko inamtaka kapteni ambaye hajatimiza saa 100 akiongoza aina hiyo ya ndege aongeze futi 100 kwenye kimo cha kuamua kutua (kimo ambacho rubani lazima aamue kutua au kupaa tena), na nusu maili kwenye mwonekano, yaani umbali anaoweza kuona. Pale ambapo viwango vya kawaida vya kutua ni futi 200 na nusu maili, yeye anahitaji futi 300 na maili moja. Ni busara. Lakini nyongeza hiyo ni ya kutua, haigusi kuruka.

Hapo ndipo penye pengo. Tuseme ni asubuhi ya ukungu, mwonekano robo tatu ya maili. Kifungu cha 121.617 cha kanuni hizo za Marekani hakidai uwanja mbadala wa karibu, yaani uwanja mwingine wa kutua iwapo ndege haiwezi kurudi ilikoondoka, kwa sababu kinapima viwango vya shirika, si vya kapteni. Anaruka, injini moja inazimika, na uwanja alioondoka uko chini ya viwango vyake mwenyewe. Dharura inamruhusu kurudi, ni kweli. Kwa nini basi tumbebeshe uamuzi huo angani, wakati ungeweza kufanywa ofisini kabla abiria hawajapanda?

Napendekeza mashirika yaandike katika miongozo yao kwamba kapteni wa aina hii asiruke bila uwanja mbadala ikiwa hali ya hewa haimruhusu kurudi kwa viwango vyake. Na akiamua kusubiri ukungu uondoke, asihojiwe kwa kuchelewesha safari.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam