Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Mshahara Unaosema Nilikupangia

Mpwa wangu,

Mama yako amenitumia picha za mkataba wako mpya, kurasa zote, akaniomba nimwambie kama shilingi 1,400,000 kwa mwezi ni haki kwa kijana anayeanza kazi ya kubuni mitambo. Nimeelewa kwamba swali ni lako, na kwamba umempitishia yeye kwa sababu tangu msiba wa Babu hupokei simu zangu. Ninakujibu hapa, mahali ninapojua unapita, kwa kuwa nawe ulinisema mbele za watu. Na kama wapo wahandisi wengine vijana watakaosoma, wachukue linalowafaa, ugomvi watuachie wenyewe.

Kiasi hicho peke yake hakinielezi kitu mpaka nijue kazi yenyewe, na hili ndilo nililokuambia tangu mwanzo ukaliona ni maneno ya kizee. Matangazo ya kazi huwaita wote wabunifu, lakini yupo anayepima kipuri kilicholika, akakichora kwenye kompyuta na kukipeleka karakana kikakerezwe. Yupo anayechukua mashine iliyokuja kutoka India au China akairekebisha ilingane na umeme wetu na mazao yetu. Na yupo anayeanza na karatasi tupu, akachagua mota, akapiga hesabu za shafti na beringi, akatia saini yake, kisha mashine ikivunjika usiku anapigiwa simu yeye. Mtu wa kwanza hawezi kudai ujira wa yule wa tatu, na wa tatu akilipwa kama wa kwanza anaibiwa. Kwa hiyo swali la kuwauliza wenye kiwanda, kabla ya kutaja shilingi hata moja, ni hili: mchoro ukikosewa na chuma kikawa kimeshakatwa, nani anawajibika?

Wewe hukuuliza. Uliingia kwenye usaili ule wa kwanza, ukaulizwa unategemea mshahara kiasi gani, ukataja milioni tatu, kwa sababu mwenzako mliyesoma naye Mlimani alikuambia anapata kiasi hicho mgodini Geita. Mgodi unauza dhahabu kwa bei ya dunia, na mtambo wake wa kusaga mawe ukisimama hasara huhesabiwa kwa saa. Mwenzako anafanya zamu za usiku na kulala kambini mbali na kwao. Kiwanda ulichokwenda wewe kinatengeneza mashine za kukoboa na kukamua alizeti, na wateja wake ni vikundi vya wakulima wanaolipa kwa awamu. Wote wawili mna shahada moja, lakini shahada haimlipi mtu; analipwa kutoka katika kile ambacho kazi yake inamwingizia mwajiri. Kule walikushukuru kwa kufika, na faili lako likafungwa.

Kiasi nilichokushauri ukitaje pale kilikuwa 1,200,000, nami sikukiokota njiani. Serikalini mtu husoma ngazi za mshahara akajua anaingilia wapi, lakini viwanda binafsi havibandiki mishahara ukutani, na amri ya kima cha chini imeandikwa kwa ajili ya wanaoanzia chini kabisa, haimsaidii mhandisi. Niliuliza wahandisi walioajiriwa karibuni Chang'ombe na Vingunguti, nikatazama kazi ambayo kiwanda kile kilikuwa kinaihitaji, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya yule mtu wa kwanza, nikazingatia pia kwamba ulikuwa umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhitimu tu, bila kazi yoyote nyuma yako isipokuwa mafunzo ya vitendo ya chuo. Nilijua pia jambo ambalo wewe hukulijua, kwamba mhandisi wao mkuu ana usajili kamili na angekusimamia katika ule mpango wa Bodi wa miaka 3 wa kumlea mhitimu mpaka asajiliwe kikamilifu. Msimamizi wa namna hiyo ni sehemu ya ujira hata kama hayumo kwenye hati ya malipo, maana kijana anayechora peke yake bila mtu wa kumkosoa hubaki mhitimu miaka nenda rudi.

Ndipo ikaja siku ile chini ya turubai. Wazee walikuwa bado wanahesabu rambirambi, Shangazi akakuuliza kwa upole tu utaanza kazi lini, nawe ukajibu kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Muulizeni Mjomba, ndiye aliyenipangia bei kama mbuzi wa mnada wa Pugu." Wapo waliocheka. Mama yako aliinamisha uso, na mimi, niliyekuwa nimetoka kumshusha baba yangu kaburini saa chache tu kabla, nikaendelea kushika kalamu ya daftari la michango kana kwamba sikusikia. Hukunikuta pembeni ukaniambia, hukunipigia simu, ulingoja kadamnasi. Najua pia ulichowaambia binamu zako baadaye, kwamba mkurugenzi wa kile kiwanda ni rafiki yangu na kwamba nilitaka kumpatia mfanyakazi wa bei rahisi. Nilisoma naye, ni kweli, wala sijawahi kuficha. Hakunipa hata soda. Kama ningetaka kumpendelea ningemwambia akupe 800,000, na kwa jinsi ulivyokuwa umekaa nyumbani ungezipokea kwa mikono miwili.

Kipaji unacho, na sisemi hivi kukubembeleza. Ule mchoro wa mashine ya kusaga ya Babu, ulioutengeneza ili fundi wa Gerezani aweze kuchonga upya sehemu zilizolika, ninao mpaka leo. Lakini shafti uliiandika milimita 40, basi, na juu yake ilitakiwa kukaa beringi ya namba 6208, ambayo tundu lake ni 40 kamili. Mbunifu anayelipwa vizuri huandika shafti hiyo izidi 40 kwa kati ya milimita 0.002 na 0.018, ili beringi ishike bila kupasuka wala kucheza. Fundi alikuokoa kwa uzoefu wake. Tofauti ya mshahara wa anayeanza na wa aliyekomaa imo ndani ya desimali hizo, na ndiyo maana nilikutajia kiasi cha anayeanza.

Sasa mkataba huu. Kwa mshahara wa msingi wa 1,400,000, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itachukua asilimia 10, yaani 140,000. Kodi ya mapato itakatwa kwenye 1,260,000 inayobaki, nayo ni 128,000 kwa milioni ya kwanza na asilimia 30 ya kilichozidi, jumla 206,000. Bodi ya Mikopo, kwa deni lako la chuo, itachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 210,000. Utapeleka nyumbani 844,000. Kwa ile 1,200,000 uliyoidharau ungepeleka 748,000. Nyongeza ya laki mbili inakufikia mkononi ikiwa 96,000, na hiyo huweza kuishia kwenye nauli na chakula cha mchana kama kiwanda kiko mbali na hakina usafiri.

Hata hivyo nasema ni haki, tena ni nzuri, kwa sababu safari hii wameandika kwamba utabuni mashine za kufungashia tangu mwanzo hadi zinapowashwa kwa mteja, na kwamba kompyuta na leseni ya programu ya kuchorea ni juu yao. Sikuona jina la atakayekusimamia kwa ajili ya usajili, liulize.

Kinachonisumbua ni ukurasa wa tatu, panapoandikwa kwamba utafanya kazi muda wowote utakaohitajika bila malipo ya ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa mshahara wako saa moja ni kama 7,180, ikiwa ya ziada ni kama 10,770, kwa hiyo saa 20 za ziada katika mwezi ni zaidi ya 215,000. Hizo ni nyingi kuliko nyongeza yote uliyoipigania, nao wameziondoa kwa sentensi moja. Watakuambia wewe ni menejimenti, kwa hiyo malipo ya ziada hayakuhusu. Waulize unamsimamia nani. Waombe kwa heshima waifute sentensi hiyo, na kabla hawajaifuta usitie saini. Mama yako nimemrudishia kurasa hizo, na sentensi hiyo nimeizungushia duara.

Mjomba wako