Malalamiko kuhusu nyumba sita za nyuki mlizoniuzia mwezi wa Agosti

Bel-Air, komini ya Kampemba
Lubumbashi, tarehe 14 Machi

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Duka la vifaa vya bustani,
Lubumbashi

Kuhusu: nyumba sita za nyuki wapweke, fakturi ya tarehe 9 Agosti, dola 210

Bwana Mkurugenzi,

Yambo sana. Mimi ni yule mama wa Bel-Air aliyekuja dukani kwenu mara tatu. Mara ya tatu kijana wenu wa kaunta aliniambia, "Mama, nyuki ni wa Mungu, hatuwezi kuwalazimisha waingie." Nilicheka, maana ni kijana mwenye adabu. Nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha, nikatafuta kalamu. Sikuomba mtu awalazimishe nyuki. Niliuliza kwa nini nyumba ya dola 35 ina tundu lenye urefu wa sentimita saba, na hilo tundu Mungu hakulitoboa, alilitoboa fundi wenu.

Nianze na sababu iliyonileta kwenu. Parseli yangu si kubwa. Kuna mwembe, miparachichi miwili, maboga, lengalenga, maharage nyuma ya jiko, na chanja la maracuja, yaani pasheni, ya ganda la manjano ambalo ndilo ugonjwa wangu. Mwaka juzi lilichanua mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuangalia, lakini matunda niliyachuma yote kwa sahani moja. Mpwa wangu, aliyesoma kilimo kule Kasapa, chuo kikuu, akanieleza kwamba maracuja ya manjano hayakubali chavua yake mwenyewe. Lazima iletwe kutoka mche mwingine, na anayeileta awe mdudu mkubwa, kwa sababu vile vifuko vya chavua vinaning'inia juu ndani ya ua. Nyuki mdogo anapita chini yake, anakunywa utamu wake na kuondoka bila kugusa kitu, au anaiba chavua na kwenda zake.

Wiki hiyohiyo nikaliona tangazo lenu. Nyuki mweusi, mnene, ametua juu ya ua la maracuja, na pembeni nyumba ndogo ya mbao yenye paa jekundu. Mliandika kwamba ukiitundika tu, matunda yatajaa. Nikanunua sita. Mume wangu aliuliza kama na sisi wenyewe tutahamia humo.

Bwana Mkurugenzi, nyuki yule wa kwenye picha yenu haingii katika nyumba hizo hata mkimtandikia zulia. Yeye hujitobolea mwenyewe, kwa meno yake, katika mti mkavu, tundu la unene wa kidole. Ninamjua kwa sura. Anakaa katika nguzo ya tatu ya chanja langu, na kabla hamjamjua ninyi alikuwa hapo: asubuhi unaona vumbi la mbao limeanguka chini kama unga wa muhogo, na ukiweka sikio kwenye nguzo unasikia anavyokwaruza ndani. Mume wangu alitaka kuing'oa ile nguzo kwa sababu imetobolewa. Mpwa wangu ndiye aliyemzuia, na ni kwa ajili ya nguzo hiyo iliyooza nusu, bila senti yenu hata moja, kwamba mwaka huu nimepata maracuja ya kugawia majirani. Kwa hiyo picha ile mliichukua kwa mdudu asiye mpangaji wenu.

Sasa boksi. Juu ya boksi mmechora chungu cha asali. Nyuki hawa hawaweki asali! Hawana malkia, hawana kundi, hawana masega. Kila jike ni mwenye nyumba peke yake: anajenga chumba, anaweka ndani donge la chavua iliyolowa utamu wa maua, anataga yai moja juu yake, anafunga mlango, anaanza chumba kingine mbele yake, mpaka tundu lijae, kisha analiziba na kwenda. Watoto wake hatawaona. Mume wangu alisubiri asali hadi Krismasi, na mimi sikumwambia kitu, nilitaka kuona atavumilia mpaka lini.

Pia mmeandika "hawana mwiba, salama kwa watoto". Majike wana mwiba. Ni wapole, hawana mzinga wa kulinda, unaweza kusimama mbele ya tundu lao na wakakupita kama hawakuoni. Lakini mjukuu wangu wa miaka mitano alimbana mmoja kwa vidole ili amwone vizuri, kwa sababu bibi yake alimsomea maneno yenu. Kidole gumba kilivimba siku nzima. Si jambo kubwa, nimeshaona makubwa zaidi ya hilo katika maisha. Ila "wapole" na "hawana mwiba" ni maneno mawili tofauti, na anayeandika kwa ajili ya watoto anapaswa kujua tofauti yake.

Nakuja kwenye karatasi ya maelekezo, na hapa naomba mkae chini. Inasema nyumba ielekee kusini ipate jua. Mume wangu akatoa dira ya simu, tukazunguka ukuta wote wa parseli kama wapima ardhi, tukazitundika tano zikielekea kusini kabisa. Karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Sisi tuko Lubumbashi. Hapa kwetu, kuanzia mwisho wa Februari hadi karibu mwisho wa Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na miezi inayobaki liko karibu na utosi. Kwa hiyo Agosti iliyobaki, Septemba yote, nyumba zenu zilikaa kivulini zikiangalia ukuta wa jirani. Nyuki anahitaji jua la asubuhi ili mwili upate moto aweze kuruka. Mashariki, Bwana Mkurugenzi. Neno moja tu, lingeniokoa miezi miwili.

Karatasi hiyohiyo inaniambia nivikusanye vifukofuko wakati wa baridi, niviweke katika frigo, nivitoe Machi maua ya kwanza yanapofunguka. Frigo gani? Yangu inategemea umeme wa hapa, ambao unakuja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Na Machi kwetu mvua bado inanyesha. Hayo ni maisha ya nyuki wa Ulaya, wanaolala wakati wa theluji na kuamka inapoyeyuka. Wa kwangu hawajui theluji. Mtu alichukua karatasi ya nchi nyingine, akaipiga fotokopi, akaitia ndani ya boksi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeisoma kabla ya kuniuzia.

Lakini yote hayo ningeyasamehe kama si Jumapili moja ya Januari.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Nilikuwa nimefurahi sana wiki zilizotangulia, kwa sababu nilikuwa nimeona majani ya waridi langu na ya bogenvilia yamekatwa pembeni, vipande vya duara, safi, kama vimekatwa kwa mkasi wa mshonaji. Mwanzoni nililaumu panzi. Kisha nikamwona mwenyewe: nyuki wa kijivu, amebeba kipande cha jani chini ya tumbo kimekunjwa nusu, anaingia nacho katika nyumba yenu. Ndio wale wanaokata majani. Vipande virefu anajengea kuta za chumba, vya duara ni vifuniko. Nilihesabu matundu manane yaliyozibwa katika safu za juu, zile zenye mirija ya plastiki.

Jumapili hiyo nikaona mlango mmoja umekuwa mweusi. Nikajaribu kuuvuta mrija nje, haukutoka. Mmeugandisha kwa gundi. Nikautoa kwa koleo, nikaupasua kwa wembe juu ya meza ya jikoni. Ndani kulikuwa na vyumba vitatu vya majani vimepangana kama sigara fupi. Cha kwanza: lile donge la chavua, ambalo linapaswa kuwa la manjano, lilikuwa la kijivu lenye manyoya. Buu alikuwa amelala pembeni, amenywea, rangi ya kahawia. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu sikukimaliza kukifungua. Na kwenye ukuta wa plastiki, kwa ndani, matone ya maji yamejipanga kama kwenye mfuniko wa sufuria. Plastiki haipumui, unyevu unaoingia hautoki. Nikaifungua yote minane. Yote ilikuwa ukungu.

Sasa mniambie, yule mama wa kijivu alikosa nini? Alikata majani ya waridi langu wiki mbili, akalisha kila mtoto kwa safari nyingi za chavua, akaziba mlango vizuri. Aliamini nyumba. Mimi nilimwekea hapo, na mimi niliwaamini ninyi.

Nilipokuwa na rula mkononi nikapima. Sentimita saba. Mpwa wangu anasema urefu unaofaa ni kama sentimita kumi na tano, na sababu yake ilinishangaza: mama huyo hutaga mayai ya majike mwishoni kabisa mwa tundu, na ya madume karibu na mlango, kwa sababu madume ndio hutoka kwanza. Tundu likiwa fupi, karibu watoto wote wanakuwa madume. Kwa hiyo hata kama ukungu usingewaua, mngenipa kizazi cha vijana wa kuzurura na bila wasichana wa kujenga mwaka ujao. Safu ya chini, mlikotoboa mbao, midomo ya matundu imejaa vibanzi. Nilimkuta mmoja chini ya ukuta, ubawa umechanika, anatembea kwa miguu. Na zile koni za msonobari mlizojaza katikati kwa urembo wamehamia buibui na siafu.

Kuhusu siafu: nilipomwandikia mtu wenu kwa WhatsApp, jibu pekee nililopata katika wiki tano lilikuwa nipulizie dawa ya wadudu ndani ya nyumba. Nilisoma ujumbe huo mara mbili nikidhani nimeukosea. Nyuki ni mdudu, Bwana Mkurugenzi. Nilipaka grisi kwenye waya wa kutundikia, siafu wakarudi walikotoka.

Boksi linasema pia kwamba bila nyumba hii nyuki "hawana pa kulala". Dunia ina aina zaidi ya 20,000 za nyuki zilizotambuliwa, wengi wao wanaishi peke yao, na kama asilimia 70 ya aina zote wanachimba ardhini. Njooni muone jiko langu la zamani. Baba mkwe alilijenga kwa matofali mabichi ya udongo wa kichuguu, kama walivyojenga wengi hapa, na ukuta wake wa mashariki una vitundu kuliko chujio. Saa tatu asubuhi kuna foleni. Watoto wangu walitaka tuupake saruji, nami nilikuwa karibu kukubali.

Niseme ukweli wote, nisije nikaitwa mwongo. Nyumba ya nne sikuitundika ukutani. Niliiweka chini ya paa la veranda ya jiko, ikiangalia mashariki, kwa sababu misumari ilikuwa imeisha na mvua haifiki hapo. Katika safu ya mbao ya nyumba hiyo kuna tundu moja limezibwa kwa majani na halijaota ukungu. Moja, kati ya matundu 240 ya nyumba zote sita. Pembeni yake nimefunga kopo tupu la maziwa ya unga, nimelijaza matete niliyoyakata kwa kisu, kila moja limeachwa kifundo nyuma ili lifungwe, midomo nimeilainisha kwa msasa. Tangu mwisho wa Januari matete kumi na moja yamezibwa. Gharama ni msasa tu.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie dola zangu 210. Muondoe picha ya nyuki mweusi, chungu cha asali na yale maneno ya mwiba. Na kama mnataka kuendelea kuuza, basi muuze kitu cha matete au mbao kavu, chenye kina, kinachofunguka ili mtu akisafishe, pamoja na karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa na mtu aliyewahi kutazama jua la Katanga. Fundi seremala yeyote wa Katuba anaweza kuwatengenezea wiki moja. Nawapa wiki mbili kujibu. Baada ya hapo nakala ya barua hii, fakturi na ile mirija minane niliyoiweka katika mfuko vitakwenda ofisi ya Uchumi ya jimbo.

Nyumba tano ziko katika gunia kwenye veranda, mnaweza kutuma mtu kuzichukua siku yoyote asubuhi. Ile ya nne hamtaichukua sasa. Lile tundu bado limefungwa, na waliomo nitawasubiri watoke kwanza.

Wenu,
Mteja wa Bel-Air, mwenye fakturi ya tarehe 9 Agosti