Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: ule waraka wa vepu umefikia wapi?

Tanga

Ndugu Afisa Elimu Sekondari,

Salaam, na pole na majukumu. Kikao cha walimu wa malezi kilifungwa kwa ahadi yako mwenyewe: waraka wenye picha za vepu, yaani sigara za kielektroniki, ungetufikia kabla ya likizo ya Juni. Likizo imekuja, imekwisha. Huenda waraka ulipitiliza stendi ya Kange, sasa uko Horohoro mpakani.

Wiki iliyopita, katika shule moja ya bweni, mwalimu wa zamu alikuta kidude cha zambarau ndani ya bomba la kitanda cha deka, pale kofia ya plastiki inapochomoka. Akadhani ni flashi mbovu, akakitupa shimo la taka. Taka zilipochomwa, betri ililipuka, vipande vikaruka hadi kwenye kamba za nguo. Hakuna aliyeumia. Mwalimu hatumlaumu, nani aliwahi kumwonyesha?

Basi tueleze sisi, huku tukikusubiri. Mle ndani mna betri ya lithiamu, waya mwembamba, pamba, na kimiminika chenye glisirini, ladha na nikotini, ile dawa ya tumbaku inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha. Mtoto akivuta, waya unapata moto na pamba iliyoloa inatoa wingu. Kikiandikwa asilimia 5, kila mililita ina takribani miligramu 50 za nikotini. Chenye mililita 10 kina 500. Sigara moja humwingizia mvutaji miligramu 1 hadi 2 tu. Tena nikotini ya vepu mara nyingi hutiwa asidi ili isikwaruze koo, kwa hiyo kile kikohozi kinachowakimbiza wengi kwenye sigara ya kwanza hakipo.

Kunusa hakutoshi. Harufu ni ya embe au mnanaa, inapotea upesi, na wenyewe hupuliza pafyumu juu yake. Walimu wenzetu, fuateni chaji: vingi huchajiwa kwa waya wa simu, hivyo soketi ya pasi na kompyuta za maabara zikaguliwe jioni, kabla ya mabegi. Kikipatikana kisitobolewe, kisitiwe moto wala maji. Kiwekwe kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya jengo. Aliyekishika anawe mikono, maana kimiminika kikivuja nikotini hupenya ngozini.

Halafu kuna hii adhabu ya kumsimamisha wiki mbili mwanafunzi aliyekutwa na vepu. Siku 2 au 3 za mwanzo bila nikotini ndizo mbaya kuliko zote: hasira, kukosa usingizi, akili kutotulia. Ndizo siku tunazomrudisha mtaani, jirani na duka alikonunua! Abaki shuleni, muuguzi amwone kila siku.

Sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Muuzaji anajibu kwamba hii haina tumbaku. Nikotini yake imekamuliwa kwenye mihogo?

Maduka tunajua yana wakubwa wake, na bajeti tumezoea kuambiwa haitoshi. Hatuombi mashine za kunasa moshi. Tunaomba ule waraka, Ndugu Afisa. Karatasi moja, picha za vifaa, na maneno ya kopo la mchanga. Kudurufu tutadurufu wenyewe, kwa pesa zetu, kama chaki. Utie sahihi tu.

Walimu wa malezi, Tanga